Macho mekundu yanayowasha kwa miezi: aleji, maambukizi, au dawa yenyewe?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Ni mwezi wa nne sasa macho yangu yote mawili ni mekundu, yanawasha na kuchoma, na asubuhi nakuta magamba makavu kwenye nywele za kope. Nimetumia dawa tatu za matone kutoka duka la dawa: ya kwanza ya kuondoa wekundu, ya pili antibiotiki, ya tatu ina deksamethasoni na neomaisini. Hii ya tatu ndiyo inayonisaidia, ila nikiacha, baada ya siku nne au tano hali inarudi. Safari hii hata ngozi ya kope imekuwa nyekundu na inabanduka. Mwanangu wa kiume wa miaka 9 naye anafikicha macho mchana kutwa, nimeanza kumdondoshea hiyo hiyo. Je, hii ni aleji au ni maambukizi?

Jibu: Marahaba. Kabla sijagusa ulichouliza: mtoto aache ile dawa ya tatu leo. Nawe usinunue chupa nyingine ya aina hiyo mpaka presha ya macho yako ipimwe. Deksamethasoni ni steroidi, na steroidi za macho huleta nafuu ya haraka huku madhara yake yakijengeka kimyakimya. Kama mmoja wenu ameitumia kila siku kwa wiki kadhaa bila kupumzika, nendeni kliniki ya macho ndani ya siku mbili tatu, ili daktari aangalie kama inahitaji kupunguzwa polepole.

Sasa swali lenyewe. Kwa maelezo yako, maambukizi ndiyo ninayoyashuku kidogo kuliko yote. Kinachoonekana ni mambo matatu yaliyopandana: aleji ya macho, uvimbe wa kingo za kope, na juu yake mzio wa dawa uliyokuwa ukijitibia nayo. Hakuna tone moja linalotibu yote matatu. Ndiyo maana kila chupa ilikupa nafuu ya nusu kisha ukarudi pale pale.

Muda wenyewe unasema kitu

Sehemu inayovimba ni utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, ukageuka na kuendelea hadi upande wa ndani wa kope. Utando huu una mishipa mingi midogo ya damu, na jibu lake kwa karibu kila uchokozi ni lile lile: kuwa mwekundu na kutoa majimaji. Wekundu peke yake, kwa hiyo, hautofautishi chochote. Ni kosa la kila siku kwenye kaunta za dawa, mtu akisema "jicho jekundu" anapewa antibiotiki.

Maambukizi ya virusi, hasa vya kundi la adeno, huanza jicho moja, na siku chache baadaye jicho la pili linafuata. Machozi ni mengi na ya majimaji, mara nyingi mgonjwa ametoka kwenye mafua au koo linauma, na ukipapasa mbele ya sikio unaweza kukuta tezi iliyovimba na kuuma. Huchukua wiki moja hadi tatu, kisha yanakwisha yenyewe bila antibiotiki. Yale ya bakteria hutoa usaha wa njano au kijani unaorudi dakika chache baada ya kuufuta, na kope huamka zimegandana kabisa. Mengi hupona ndani ya siku 7 hadi 10, na antibiotiki ya kloramfenikoli ya asilimia 0.5 huharakisha tu kidogo.

Ugonjwa wa miezi minne, macho yote mawili, bila usaha, hauingii kwenye maelezo hayo. Maambukizi yanayoweza kusuasua kwa miezi kwa mtu mzima ni yale ya klamidia, yanayotoka sehemu za siri. Aghalabu hushika jicho moja, na matone hayatoshi kuyatibu, kwani dawa inayohitajika ni ya kumeza, naye mwenzi hutibiwa pia. Nayataja kwa sababu husahaulika sana, ingawa kwako hayafanani.

Na kwa kuwa hofu hii ni ya wengi: jicho jekundu haliambukizwi kwa kutazamana. Virusi husafiri kwa mikono, taulo, mito, simu na vijichupa vya dawa vinavyotumiwa na watu wawili. Aleji na uvimbe wa kope haziambukizi hata kidogo. Hata hivyo wewe na mtoto msishirikiane chupa.

Kuwasha na kuchoma ni mambo mawili

Umeandika macho "yanawasha na kuchoma". Watu wengi hutaja hivyo kwa pamoja, lakini mimi ningekuuliza: ukilazimishwa kuchagua moja, ni lipi? Je, ni ule mwasho unaokufanya ufikiche hadi usikie raha, zaidi kwenye pembe ya jicho karibu na pua? Au ni moto, mchanga na uzito, ambapo kufikicha hakukupi raha yoyote?

Mwasho mkali ni alama ya aleji kuliko dalili nyingine yoyote. Kinachotokea ni hiki: chavua, vumbi lenye kinyesi cha utitiri, magamba ya ngozi ya paka au mbwa, au vijimbegu vya ukungu vinatua kwenye machozi. Mwili uliokwisha kuzoea kuvichukia una kingamwili za aina ya E zilizokaa juu ya seli maalumu ndani ya utando wa jicho. Vikigusana na kingamwili hizo, seli zinafunguka na kumwaga histamini ndani ya dakika chache. Histamini inachokoza neva, ndipo mwasho. Inapanua mishipa, ndipo wekundu. Inavujisha maji, ndipo kope na weupe wa jicho kuvimba. Saa kadhaa baadaye linakuja wimbi la pili, seli nyingine za uvimbe zikiwa zimeitwa na zile za kwanza, na hili ndilo linalofanya jicho liendelee kuuma jioni ingawa vumbi lilikuwa la asubuhi.

Kufikicha huongeza tatizo kwa njia ya moja kwa moja: msuguano wenyewe hupasua seli hizo na kumwaga histamini zaidi. Raha unayoisikia ni ya sekunde, kisha mwasho unarudi na nguvu mpya. Kwa mtoto wako kuna madhara makubwa zaidi, nitayafikia.

Kuchoma na hisia ya mchanga, kwa upande mwingine, hutokana zaidi na machozi yasiyotosha au yasiyo na mafuta ya kutosha. Angalia saa. Kama hali ni mbaya zaidi ukiamka, kope nzito na zina magamba, shuku kingo za kope. Kama asubuhi ni nafuu na jioni baada ya skrini au feni ndiyo inawaka, shuku ukavu. Mtu anayepepesa macho kama mara 15 kwa dakika akiwa anazungumza, mbele ya skrini hushuka hata chini ya nusu, na mengi ya yale anayopepesa hayafiki chini. Machozi yanakauka kabla hayajapakwa upya. Na usishangae jicho kavu likitoa machozi mengi: hayo ni ya dharura, maji matupu yasiyo na mafuta, yanachuruzika mashavuni bila kulainisha chochote.

Kwako magamba ya asubuhi ndiyo yaliyonifanya niseme kope zinahusika. Aleji tupu haiachi magamba kwenye nywele.

Jitazame kwenye kioo, mahali pamoja tu

Chukua kioo, simama penye mwanga wa mchana, nawa mikono. Vuta kope la chini kidogo utazame ukingo wake, yaani ule mstari mwembamba kati ya nywele na jicho. Nyuma ya nywele utaona safu ya vitundu vidogo sana, kati ya 20 na 30 kwa kope la chini na zaidi kidogo kwa la juu. Ni midomo ya tezi za mafuta. Bonyeza ngozi iliyo chini tu ya nywele kwa ncha ya kidole, taratibu, kuelekea jicho. Tezi yenye afya hutoa kitone cha mafuta angavu yanayotiririka. Tezi iliyoziba haitoi kitu, au hutoa uzi mzito mweupe kama dawa ya meno inayominywa. Ukiona hivyo, au ukiona ukingo ni mnene, mwekundu, na una vishipa vya damu vinavyoupita juu, sababu ya kuchoma kwako umeipata.

Tazama pia mashina ya nywele. Magamba makavu yanayopukutika kama mba ni ya uvimbe wa kawaida. Magamba yanayozunguka shina la unywele kama kola ndogo angavu ni dalili ya utitiri wa ngozi uitwao demodeksi, ambao huishi kwenye vitundu vya nywele za kope. Huyo ana matibabu yake na shampuu haimwondoi vizuri, kwa hiyo mwambie daktari ulichokiona.

Jambo moja ambalo halipaswi kukaa nyumbani: ukingo wa kope la jicho moja tu, usiopona kwa miezi, nywele zikipukutika mahali pamoja au kinundu kikirudi pale pale baada ya kutibiwa. Hapo kope huhitaji kuchukuliwa kipande kidogo kwa kipimo, maana saratani ya tezi za mafuta hujifanya uvimbe wa kawaida.

Kila chupa ilifanya nini

Dawa za kuondoa wekundu, zenye nafazolini au tetrahidrozolini, hubana mishipa ya damu. Jicho linakuwa jeupe kwa saa chache, uvimbe uko pale pale. Zikitumika zaidi ya siku tatu hivi, mishipa huzoea, na dawa ikiisha nguvu inapanuka kuliko mwanzo. Mtu hudondosha tena ili kuondoa wekundu ulioletwa na dawa. Sioni sababu ya wewe kuendelea nayo. Na kama iko ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo, ifungie: mililita 1 au 2 zikimezwa zinaweza kumtia mtoto usingizi mzito na kushusha mapigo ya moyo hadi alazwe.

Antibiotiki haikuwa na bakteria wa kupambana nao. Nafuu uliyoiona, kama uliiona, huenda ilikuwa ya kuoshwa tu: tone lolote linasafisha chavua.

Hiyo ya tatu ndiyo yenye mkanganyiko. Deksamethasoni ilizima uvimbe wote, wa aleji na wa kope, bila kujali chanzo. Lakini neomaisini iliyomo ndani ya chupa hiyo hiyo ni miongoni mwa dawa zinazoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi. Mzio huu si ule wa dakika chache. Huendeshwa na seli, si kingamwili, na hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya kugusana: ngozi ya kope, hasa la chini pale tone linapochuruzikia, inakuwa nyekundu, inakunjamana, inabanduka, inawasha. Steroidi iliyo pamoja nayo huufunika. Ukiacha chupa, kifuniko kinaondoka kwanza na mzio unabaki wazi kwa siku kadhaa, nawe unadhani ugonjwa wa zamani umerudi na nguvu, unarudi kwenye chupa. Kubanduka kwa ngozi ulikokuona safari hii kunafanana sana na hadithi hiyo. Kihifadhi kinachowekwa kwenye matone mengi, benzalkoniamu kloridi, nacho huweza kuchokoza jicho kwa namna hiyo, hasa likidondoshewa zaidi ya mara nne kwa siku.

Kuhusu hatari ya steroidi: kwa baadhi ya watu presha ya ndani ya jicho hupanda baada ya wiki chache za matone, na kwa watoto huweza kupanda mapema zaidi. Haiumi. Haileti wekundu. Neva ya jicho inakufa kuanzia pembeni mwa uoni, na kilichokufa hakirudi. Matumizi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho. Na kama ndani ya wekundu ule kulikuwa na kidonda cha virusi vya hepesi au cha fangasi, steroidi hukilisha. Sisemi dawa hii ni mbaya. Madaktari wa macho huitumia kila siku, na kuna watoto ambao bila hiyo wangepoteza uoni. Shida ni kuitumia bila mtu wa kutazama konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, na kupima presha.

Mtoto wa kiume anayefikicha

Hapa nisingependa usubiri. Kuna aleji ya macho ya watoto iliyo kali kuliko ya kawaida, inayowapata wavulana zaidi, mara nyingi ikianza kabla ya miaka 10, na huenea zaidi penye joto na ukavu. Wengi hupona wakifika balehe, lakini miaka ya katikati ndiyo inayoharibu macho. Mtoto hukwepa mwanga, hupepesa kwa nguvu asubuhi, hutoa tongotongo jeupe zito linalovutika nyuzinyuzi. Daktari akigeuza kope la juu hukuta vivimbe bapa vilivyobanana. Kwa watoto wengine, na hasa wenye ngozi nyeusi, kope la juu huwa karibu la kawaida, na mabadiliko huonekana kwenye mpaka wa konea: ukingo mnene wa rangi ya kahawia wenye vidoa vyeupe. Wazazi hudhani macho ni machafu na kumwambia mtoto anawe uso.

Vivimbe hivyo, vikisugua konea kila anapopepesa, huweza kuichimba kidonda. Kufikicha kwa miaka nako hulegeza konea mpaka ikachomoza mbele kwa umbo la koni. Miwani hubadilishwa kila mara na bado haoni vizuri. Kwa hiyo kwa mtoto, kuzuia kufikicha ni matibabu kamili. Mkaripio hausaidii, kwa kuwa mwasho unamshinda. Mpe kitambaa safi chenye maji baridi akiweke juu ya macho yaliyofungwa, na umwanzishie tone la kuzuia mwasho wakati mkisubiri miadi. Kliniki ina hatua za juu zaidi, kama saiklosporini ya matone au takrolimasi ya mafuta, ambazo humpunguzia mtoto kutegemea steroidi.

Mpango wa wiki sita

Wiki ya kwanza ondoa kila kitu: matone yote matatu (ila ile ya steroidi, kama umeitumia kila siku kwa wiki kadhaa, iache kwa namna daktari atakavyokuambia), wanja, maskara, krimu za karibu na macho, lenzi za macho kama unavaa. Bakia na machozi bandia yasiyo na kihifadhi, tone 1 mara 4 kwa siku au hata zaidi, kwani haya hayana kiwango cha kuogopa. Huosha chavua na kulainisha. Yakiwa ya friji yanatuliza mwasho vizuri zaidi.

Kwa aleji, chagua tone lenye kazi mbili, la kuzuia histamini na kutuliza seli zinazoimwaga. Olopatadini ya asilimia 0.1 ni tone 1 kila jicho asubuhi na jioni. Ketotifeni ya asilimia 0.025 vivyo hivyo. Zote mbili hufaa kwa mtoto wa miaka 3 na kuendelea. Nafuu huanza ndani ya dakika, lakini ukidondosha siku za mwasho tu unapoteza nusu ya faida. Tumia kila siku kwa wiki 4 hadi 6, kisha pima. Sodiamu kromoglikati ya asilimia 2 ni mbadala mzuri, mara 4 kwa siku, ila hukawia: ipe wiki moja hadi mbili kabla ya kusema haifanyi kazi. Wengi huitupa siku ya tatu.

Vidonge vya setirizini au loratadini hufaa kama pua nayo inatiririka na unapiga chafya. Kama tatizo ni macho pekee, matone hushinda vidonge, na vidonge, hasa vya zamani kama klofeniramini, hukausha machozi. Kwa mtu mwenye tezi zilizoziba kama ninavyokushuku wewe, hilo ni hasara.

Kwa kope kuna kazi ya mikono, na ndiyo watu huacha kwanza kwa sababu haionekani kuwa dawa. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, kama nyuzi 40, kamua, weka juu ya macho yaliyofungwa. Kitambaa hupoa ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo kirudishe majini tena na tena hadi dakika 5 hadi 10 zitimie. Joto la dakika moja haliyeyushi mafuta yaliyoganda. Hapo hapo, kabla kope hazijapoa, sugua taratibu kwa kidole: kope la juu kutoka juu kwenda chini, la chini kutoka chini kwenda juu, kuelekea nywele. Maliza kwa kufuta mashina ya nywele kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa kwenye sehemu 1 ya shampuu ya watoto na sehemu 10 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha suuza. Asubuhi na jioni kwa wiki 4, baadaye mara moja kwa siku. Usipoona tofauti kabla ya wiki ya tatu, usikate tamaa. Tezi zikikaidi, daktari huongeza doksisaiklini au azithromaisini ya kumeza. Doksisaiklini haitumiki ukiwa mjamzito.

Utaona kuna ugomvi kidogo: aleji inataka baridi, kope zinataka moto. Kanda moto asubuhi na jioni kwa ratiba, na baridi pale mwasho unapopamba katikati ya siku. Ngozi inayobanduka ipake vaselini nyembamba tu usiku mpaka itulie.

Nyumbani, anza na kitanda. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, kwani maji ya vuguvugu hayaui utitiri. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, si kwa kufagia kukavu. Feni isielekee usoni. Ukitoka kwenye vumbi au chavua, nawa uso na mikono kabla ya kujigusa macho.

Na usitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, asali, au maji ya majani yoyote. Mkojo huweza kubeba kisonono, ambacho hutoboa konea kwa siku chache. Majani hubeba fangasi.

Namna ya kudondosha

Jicho hushika sehemu tu ya tone moja. Lingine lote linamwagika. Tone moja linatosha, la pili ni uharibifu. Lala au inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini liwe kifuko, dondosha humo, si juu ya mboni. Ncha ya chupa isiguse nywele. Funga jicho bila kulikaza na ubonyeze pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika 1 au 2, dawa isiteremkie kooni. Dawa mbili tofauti zipishane dakika 5 au zaidi, na ya mafuta iwe ya mwisho. Mtoto anayekataa, mlaze macho yakiwa yamefungwa, dondosha kwenye pembe ya ndani, halafu mwambie afumbue. Tone litaingia lenyewe. Chupa yenye kihifadhi ikishafunguliwa andika tarehe, na baada ya siku 28 itupe hata kama imebaki nusu.

Usisubiri mpango wowote kama

Kuna maumivu ya kweli ndani ya jicho, si kuchoma kwa juu, uoni umefifia na haurudi ukipepesa, mwanga unauma, wekundu umeizunguka konea kwa pete, kuna doa jeupe juu ya konea, mboni mbili hazilingani, au kichwa kinauma na unatapika huku ukiona duara za rangi kwenye taa. Yoyote kati ya haya ni kuonwa siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mvaa lenzi mwenye jicho jekundu na linalouma, na mtoto mchanga wa chini ya siku 28 mwenye tongotongo na kope zilizovimba. Kemikali ikiingia jichoni, osha kwanza kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 30, ndipo usafiri. Chokaa na saruji ni mbaya kuliko tindikali nyingi, kwa sababu alkali huendelea kuzama ndani ya tishu.

Ukifika kliniki beba chupa zote tatu, hata zilizokwisha, na useme umezitumia siku ngapi. Omba mambo manne kwa majina: presha ya macho yenu wote wawili, konea ipakwe rangi ya fluoresini na kutazamwa, kope la juu la mtoto ligeuzwe, na tezi za kope zako ziminywe mbele ya darubini. Acha kudondosha antihistamini siku hiyo asubuhi, ili daktari aone macho yakiwa katika hali yake halisi.